Riwaya Mkononi, Mizigo Mlangoni: Waandishi Wauliza

Barua tulizochagua safari hii zina mkasa mmoja: mwandishi ana riwaya mezani, pengine zaidi ya moja, na katikati ya kazi hiyo ajira inabadilika na nyumba inahamwa. Msimamo wetu tuuseme mapema. Katika miezi ya kuhama, cha kulindwa kwanza ni njia ya kurudi ndani ya hadithi, hesabu ya maneno ije baadaye. Maneno 10,000 yaliyochelewa huandikwa mwezi mwingine. Uzi wa hadithi ukikatika, hata riwaya nzuri huishia kwenye droo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kazi tatu kwa mpigo. Riwaya ya kwanza, maneno 90,000, imerudi kutoka kwa mhariri wa kampuni ya uchapishaji na natakiwa kuikabidhi ikiwa imesahihishwa baada ya miezi mitano. Ya pili ni rasimu iliyofika maneno 40,000. Ya tatu bado ni wazo, ila haliniachi nilale. Sasa nimepata ajira mpya katika mji mwingine na baada ya wiki sita tunahama. Niugawe vipi muda ili zote zisonge mbele?

JIBU: Zote hazitasonga, na ukilazimisha zisonge pamoja zitakwama zote. Rasimu inayoandikwa inadai ubebe kichwani majina, siku, nani anajua nini na sauti ya msimulizi. Kuhama nako kunadai kichwa hichohicho: funguo, shule, mikataba, mabosi wapya. Mwandishi anayeandika rasimu mbili mbichi katika hali hiyo hugundua baadaye kwamba mhusika wa riwaya moja anaongea kama wa riwaya nyingine, na kulirekebisha hilo kunakula muda kuliko kuandika upya.

Kazi yenye mkataba ndiyo itangulie. Kuna mtu anaisubiri, na usahihishaji unakubali kukatwa vipandevipande kuliko uandishi mpya. Kisha fanya hesabu kwa kalamu, usikadirie hewani. Kusahihisha sentensi kwa sentensi, kwa makini, chukulia maneno 1,200 kwa saa: maneno 90,000 ni saa 75. Kusoma muswada mzima kwa sauti, kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, ni saa 10. Halafu hesabu matukio ambayo mhariri anataka yaandikwe upya. Yakiwa 12, na kila moja likihitaji saa tatu, hizo ni saa 36. Jumla saa 121.

Upande wa pili wa hesabu, miezi mitano ni takriban wiki 21. Toa wiki mbili za kufunga mizigo, wiki yenyewe ya kuhama na tatu za kwanza kwenye makao mapya. Zimebaki 15. Ukimudu saa sita kwa wiki unazo saa 90. Pengo ni saa 31, yaani wiki tano na ushee. Ama uongeze saa ziwe nane na ushee kwa wiki, ama uombe muda sasa hivi. Namna ya kuomba tumeieleza kwenye jibu linalofuata.

Mpangilio wa kazi yenyewe ndipo wengi wanapoharibu. Hufungua ukurasa wa kwanza na kuanza kung'arisha sentensi, kumbe sura ya saba nzima itaondolewa. Wewe una wiki nne nzuri kabla ya mizigo kuanza kufungwa, yaani saa 24. Zitumie kuandika upya matukio manane magumu kuliko yote, kwa sababu hayo yanataka kichwa kilichotulia. Mengine manne yaandike mara tu utakapokuwa umetulia upande wa pili, kisha ndipo uje kwenye sentensi, ukizikata katika vipindi vya dakika 40. Kusoma kwa sauti kuwe kwa mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukaa mahali pake.

Rasimu ya pili ifunge, na uifunge kwa heshima. Usiiache hivihivi ukidhani utakumbuka. Iandikie karatasi ya kurejea, ukurasa mmoja tu, nayo ndiyo itakayokuokoa miezi minne baadaye. Hivi ndivyo inavyoweza kusomeka:

«Nimesimama sura ya 14. Rehema ameipata ile barua, Idi hajui kwamba ameipata, msomaji anajua. Ni Alhamisi, siku ya tatu baada ya mazishi. Tukio linalofuata: jikoni, Idi anaulizia funguo za ghala, Rehema anaamua kunyamaza. Asilie. Usimulizi ni nafsi ya tatu, ndani ya kichwa cha Rehema tu, wakati uliopita, sentensi fupi. Saa ya babu bado iko kwa fundi tangu sura ya 9. Sijaamua: je, mjomba alisaini au alisainiwa? Ninaelekea kwenye alisainiwa, kwa sababu ya mkono wake uliovunjika sura ya 3.»

Angalia kilichomo. Mahali hadithi iliposimama, nani anajua nini, siku gani, hatua moja inayofuata, sauti ya usimulizi, vitu vinavyoning'inia, na swali ambalo bado wazi pamoja na jibu unaloliegemea. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mwandishi huacha swali bila kuandika alikokuwa anaelekea, akirudi analitafuna upya kwa wiki nzima. Bandika pia aya tatu za riwaya hiyo unazoziona zimetoka vizuri kuliko zote. Ukirudi, zinakili kwa mkono kabla hujaandika neno jipya. Sauti hurudi haraka kwa njia hiyo.

Wazo la tatu lipe daftari dogo au faili moja kwenye simu, dakika kumi likikujia, basi. Usilifungulie sura ya kwanza. Wazo jipya hunoga zaidi pale kazi ya zamani inapokuwa ngumu.

SWALI: Nimechelewa. Mkataba unataka niukabidhi muswada baada ya miezi miwili, na kuhama kumenivuruga kabisa. Naogopa nikisema watavunja mkataba na kudai malipo ya awali. Ninyamaze niongeze kasi, au niseme? Na nikisema, niseme nini?

JIBU: Sema wiki hii. Mchapishaji amekwisha kuipangia riwaya yako nafasi: msanifu wa jalada, mhariri wa lugha, mpangaji wa kurasa, mwezi wa kuitangaza. Akijua miezi miwili kabla, anaweza kubadilishana nafasi na kitabu kingine bila hasara kubwa. Akijua siku ya mwisho, nafasi imepotea na fedha zimekwisha kutumika. Kinachoharibu uhusiano ni kimya.

Kwanza soma kifungu cha kukabidhi. Tafuta mambo matatu: kama tarehe imetajwa kuwa sharti la msingi la mkataba, kama kuna siku za nyongeza mchapishaji anazopaswa kukupa kwa maandishi kabla ya kuvunja, na masharti ya kurudisha malipo ya awali. Kama una wakala, barua ipitie kwake.

Barua iwe fupi. Usieleze maisha yako yote. Taja hali ya muswada kwa tarakimu, sababu kwa sentensi moja, tarehe mpya, na kitu unachoweza kukabidhi kwenye tarehe ya zamani. Kwa mfano:

«Muswada una maneno 71,000 kati ya 85,000 yaliyokusudiwa, sura 1 hadi 19 zimesahihishwa. Nimebadilisha ajira na ninahama mwezi ujao. Naomba tarehe ya kukabidhi isogezwe kwa wiki kumi. Katika tarehe ya awali nitakutumia sura 1 hadi 19 pamoja na muhtasari wa zilizobaki, ili usomaji uanze. Tafadhali nithibitishie tarehe mpya kwa maandishi.»

Omba mara moja tu, na uombe muda unaotosha. Hesabu yako ikikupa wiki saba, omba kumi. Kuomba wiki tatu, kisha tatu nyingine, kunamfanya mhariri asiamini tarehe yoyote utakayoitaja tena. Jibu likija kwa simu, andika barua pepe siku hiyohiyo ukieleza mlichokubaliana, na uhifadhi majibu yake pamoja na mkataba.

Uliza pia prufu, yaani kurasa zilizopangwa tayari kwa ukaguzi wa mwisho, zitakuja lini. Mara nyingi mwandishi hupewa wiki mbili hivi kuzipitia, na zikiangukia wiki ya kuhama utapitisha makosa yatakayochapwa. Ni tarehe rahisi kusogezwa ikiulizwa mapema.

SWALI: Mkataba wa ajira yangu mpya una kifungu kinachosema «kila kazi ya ubunifu itakayofanywa na mwajiriwa katika kipindi cha ajira ni mali ya mwajiri.» Nafanya kazi ya uhasibu, siyo uandishi. Rafiki ananiambia nisaini tu, haiwezi kuhusu riwaya. Ni kweli?

JIBU: Usisaini kabla ya kuuliza. Kanuni ya msingi katika nchi nyingi ni kwamba mwajiri anamiliki kile ulichokitengeneza katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya. Uingereza, kwa mfano, ndivyo inavyosema sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988 katika kifungu chake cha 11. Kwa kanuni hiyo peke yake, riwaya ya mhasibu ni yake. Ila mkataba unaweza kuvuka kanuni, na maneno uliyonukuu, «katika kipindi cha ajira», ni mapana kuliko «katika kutekeleza majukumu ya ajira». Mchapishaji wako naye atakutaka uthibitishe kwamba hakimiliki yote ni yako. Hapo utakuwa umeahidi kitu kimoja kwa watu wawili.

Mwandikie ofisa wa rasilimali watu kabla ya kusaini, kwa upole na bila kelele. Omba sentensi moja iongezwe: kazi za fasihi ninazoziandika nje ya saa za kazi, bila vifaa vya mwajiri na zisizotumia taarifa zake za siri, ni mali yangu. Ambatisha orodha ya kazi zilizokwisha kuanza, kila moja na jina lake la muda, aina yake, hatua iliyofika na tarehe. Wazo ambalo bado halijaandikwa nalo liingie, hata kwa mstari mmoja. Waajiri wengi hukubali, kwa kuwa riwaya si biashara yao.

Baada ya hapo, lishike sharti ulilojiwekea. Usiandike riwaya kwenye kompyuta ya ofisi hata wakati wa mapumziko, usiitume kwa barua pepe ya ofisi, usiichapishe kwenye printa ya ofisi. Mbali na sheria, kuna sababu nyepesi zaidi: siku ukiacha kazi, anwani ile huzimwa saa hiyohiyo. Taarifa za mrabaha (malipo yako kutokana na mauzo ya kitabu), mikataba na ujumbe wa kubadili nywila vyote vilivyokuwa vikifika huko huvipati tena. Na kama ajira inataka utangaze shughuli za nje, tangaza. Kama unahamia nchi nyingine, angalia pia kibali chako. Kuna vibali vinavyoruhusu kumfanyia kazi mwajiri mmoja tu, na kipato cha uandishi kinaweza kuhesabiwa kuwa shughuli nyingine. Hilo aulizwe mwanasheria wa uhamiaji, wala si rafiki aliyehama mwaka juzi.

SWALI: Tunahama kwa ndege, mizigo mingine inakuja kwa meli. Nina kompyuta mpakato moja, diski ya nje moja, na madaftari kumi na moja yaliyoandikwa kwa mkono. Nisafirishe vipi nisipoteze kitu?

JIBU: Mwezi Desemba 1922, Hadley, mke wa mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, alikusanya maandishi ya mumewe akayatia kwenye sanduku moja kumpelekea Lausanne, Uswisi. Sanduku likaibwa kwenye stesheni ya Gare de Lyon jijini Paris. Alikuwa amefunga humohumo kazi halisi pamoja na nakala zake za karboni. Nakala zilikuwepo, zikapotea pamoja na asili kwa sababu zilisafiri pamoja. Kompyuta na diski ya nje kwenye mkoba mmoja ni sanduku lilelile.

Kanuni wanayoitumia mafundi wa kompyuta ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwako itakuwa hivi: faili iliyo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta ibebe wewe, diski aibebe mwenzako kwenye mkoba wake. Vyote viingie ndani ya ndege. Mzigo wa chini hutupwa, hulowa na hupotea. Hifadhi inayojisawazisha yenyewe usiitegemee peke yake. Ukifuta sura kwa bahati mbaya, nayo inafuta, na huduma nyingi huweka matoleo ya zamani kwa siku 30 hivi tu. Ukiwa unahangaika na nyumba, siku 30 hupita hujafungua faili hata mara moja. Kwa hiyo wiki ya kuondoka, nakili muswada kwa jina jipya lenye tarehe, mwaka ukitangulia ili faili zijipange zenyewe, na nakala hiyo usiiguse tena. Riwaya ya maneno 90,000 isiyo na picha kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Nafasi haiwezi kuwa kisingizio.

Jaribu kurejesha kabla ya kuondoka. Chukua kompyuta ya mtu mwingine, fungua faili kutoka kwenye diski, nenda hadi sura ya mwisho uone kama ni toleo la juzi au la mwaka jana. Watu wengi wana nakala za akiba ambazo hawajawahi kuzifungua, na diski ikigoma hugoma siku inapohitajika.

Sasa jambo linalowanasa wengi kuliko wizi, nalo ni laini ya simu. Hifadhi ya mtandaoni ikikuona unaingia kutoka nchi nyingine, inatuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini yako ya zamani. Laini hiyo umeiacha au imezimwa. Muswada upo, salama kabisa, nawe huwezi kuufikia. Wiki mbili kabla ya safari, weka programu ya uthibitisho kwenye simu ili usitegemee ujumbe mfupi. Chapisha namba za dharura ambazo huduma hukupa, ziweke pamoja na pasipoti. Badilisha barua pepe ya kurejeshea akaunti iwe ya kwako binafsi, isiwe ya kazi unayoiacha. Kisha toa laini kwenye simu, ingia kwenye akaunti ukitumia kifaa kingine, uone kama kweli unapokelewa. Laini ya zamani iache hai kwa miezi mitatu walau. Benki nayo itaihitaji.

Madaftari yapige picha yote. Andika namba za kurasa kwanza, kwa penseli kwenye kona, maana picha zikichanganyika bila namba utakesha ukizipanga. Tumia programu ya kuskani kwenye simu, kurasa mbili kwa picha. Daftari la kurasa 200 ni picha 100. Mwanga utoke dirishani, upande wa kushoto au kulia, ili kivuli cha mkono wako kisianguke kwenye maandishi. Maandishi ya penseli yanataka mwanga wa pembeni zaidi, ukitoka juu moja kwa moja hung'aa na kusomeka vibaya. Kila baada ya picha kumi, kuza moja uangalie kama herufi zinasomeka. Mwenye simu isiyotulia mkononi aiegemeze juu ya rundo la vitabu. Madaftari yenyewe yatie kwenye mifuko ya plastiki inayofungika, na yale ya kazi iliyo mkononi yaje nawe. Yaliyobaki yanaweza kupanda meli, mradi tu picha zake zimekwisha kukaa mahali pawili.

Na boksi moja liandikwe «la kwanza»: chaja, kebo ya umeme, adapta ya plagi ya nchi unayokwenda, taa ndogo ya meza, muswada uliochapwa, karatasi ya kurejea, kamusi unayoitumia kila siku. Likifika, lifunguliwe kabla ya vyombo.

SWALI: Riwaya yangu imejengwa ndani ya mji ninaouhama. Nikikaa mbali nitaweza kuimaliza?

JIBU: Utaweza, ukikusanya sasa. Picha za majengo hazina upungufu, hata mtandaoni zipo. Kinachokosekana ni vipimo na sauti. Tembea njia anazopita mhusika wako ukiwa na saa: kutoka nyumbani kwake hadi kituoni ni dakika ngapi, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo? Kona ipi ina kivuli saa nane mchana? Rekodi sauti dakika tano alfajiri, adhuhuri na usiku kutoka dirisha moja. Andika yaliyobandikwa ukutani, rangi za milango, mti gani unaangusha majani mwezi gani, watu wanaitana vipi wakiwa mbali. Nenda sehemu za matukio makubwa saa ileile tukio linapotokea hadithini, kwa sababu barabara ya mchana si ya usiku. Jichoree ramani kwa mkono na uweke juu yake namba za sura. Baada ya miezi michache mji mpya utaanza kuvuja ndani ya ule wa zamani, hali ya hewa kwanza, kisha harufu, na ramani hiyo ndiyo itakayokuonyesha penye mchanganyiko.

SWALI: Tumeshahama. Kazi mpya inanimaliza, narudi nyumbani kichwa kitupu. Zamani niliandika maneno 1,000 kila jioni, sasa hata sentensi haitoki. Nimeanza kufikiri kipaji kimekwisha. Nifanyeje?

JIBU: Kipaji kipo. Wiki za mwanzo kazini kila jambo dogo ni uamuzi: mlango upi, faili ipi, nani anaambiwa nini. Uwezo huohuo wa kuamua ndio unaochagua neno na kumwongoza mhusika, na jioni unakuwa umeshatumika wote. Kazi ikianza kuzoeleka, uamuzi mwingi huwa mazoea na kichwa hurudi. Jipe miezi mitatu ya kiwango cha chini, na kiwango hicho kiwe kidogo kweli: dakika 20, siku tano kwa wiki. Soma ukurasa wa mwisho ulioandika, ongeza aya moja, andika mstari mmoja wa kesho. Lengo la miezi hii ni kutokuwa mgeni kwenye hadithi yako mwenyewe. Anayekaa wiki kadhaa bila kuigusa hulazimika kusoma upya kurasa nyingi ndipo aandike moja.

Hamisha muda kwenda alfajiri kama nyumba inaruhusu. Mwandishi wa riwaya Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza hadi 1867, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Kasi yake usiige. Alikuwa na mazoea ya miaka mingi. La kuiga ni kwamba riwaya ilipata kichwa kabla ofisi haijakichukua.

Jioni zipe kazi nyepesi: kuweka marekebisho uliyoandika pembeni mwa karatasi, kukagua majina na umri wa wahusika, kupanga ratiba ya matukio. Hiyo nayo ni riwaya inayosonga. Safari ya kwenda na kurudi kazini unaweza kuitumia kusimulia tukio kwenye kinasa sauti cha simu. Dakika 15 za kuongea zinaweza kuzaa maneno 1,500 na zaidi. Mengi yatakuwa ya kutupa, na programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi mara nyingi huharibu majina na kukosea nukta, kwa hiyo yasafishe siku hiyohiyo au kesho yake. Yakilala wiki, hata mwenyewe hutayaelewa.

Mwezi wa nne jaribu kupanda hadi maneno 500 kwa siku tano. Hayo ni 2,500 kwa wiki. Aliyebakiza maneno 40,000 anamaliza kwa wiki 16. Ukikosa siku mbili usizilipe kwa kukesha Jumamosi. Deni la maneno likirundikana ndilo linalomfanya mtu aikimbie meza kabisa.

SWALI: Nimehamia nchi nyingine lakini wachapishaji wangu wako kulekule na mmoja yuko Marekani. Nani nimwarifu, na kodi ya mrabaha inakwenda vipi?

JIBU: Waarifu kwa maandishi: kila mchapishaji, idara yake ya fedha pia kwa kuwa mhariri hasambazi anwani, wakala, chama kinachokukusanyia mirabaha, majukwaa unayouzia vitabu vya kielektroniki, na benki. Akaunti ya zamani usiifunge hadi malipo mawili yaingie kwenye mpya. Mrabaha hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo kosa la namba ya akaunti linaweza kukaa miezi sita bila kuonekana.

Kuhusu kodi, jambo la kuamua ni wewe ni mkaazi wa wapi kikodi. Nchi nyingi huangalia siku 183 katika mwaka, lakini si kigezo pekee. Makao ya kudumu na familia navyo huhesabiwa, na mwaka wa kuhama unaweza kujikuta unadaiwa na pande mbili. Uliza kama nchi hizo zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, kisha omba hati ya ukaazi wa kikodi kutoka mamlaka ya unakoishi. Hiyo ndiyo anayoitaka mchapishaji ili apunguze kodi ya zuio, yaani ile anayoikata kabla ya kukulipa.

Kwa Marekani, mwandishi asiye raia wala mkaazi hujaza fomu W-8BEN na kumpa anayemlipa, siyo serikali. Bila mkataba wa kodi kati ya nchi yako na Marekani, mrabaha unaotokana na mauzo ya huko hukatwa asilimia 30. Ukiwepo, kiwango kinashuka, na kwa baadhi ya nchi hadi sifuri. Fomu huwa hai hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini: iliyosainiwa mwezi wowote wa 2025 inafika 31 Desemba 2028. Lakini kuhama nchi kunaifanya isiwe sahihi hata kama muda wake bado, na unatakiwa kumwarifu mlipaji ndani ya siku 30. Itume mpya kabla ya malipo yanayofuata. Kuzuia kodi isikatwe ni fomu moja, kuidai ikishakatwa ni kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kwa serikali ya Marekani na kusubiri.